Nailoni ya Gari ya Anatole

Kalemie, tarehe 14 Julai 1984

Kwako Yaya Angélique mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni pa jiko, mahali Mama alipopenda kuchambulia mboga asubuhi, kwa sababu hapo upepo wa ziwa unafika na moshi haufiki. Je, mko salama, wewe na Papa Casimir na watoto? Mguu wako uliokuwa unavimba, umepoa? Na Luvua, maji yameshuka, au bado mnakwenda shamba kwa mtumbwi? Sisi huku tu wazima. Kikohozi cha binti yangu Denise kimekwisha, shule imefunga, mikono yangu imeanza kusahau chaki. Ndagala mwezi huu ni wengi mno, hata paka wa jirani wanawapita bila kugeuza shingo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Jérôme wa treni. Nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Unasema wajomba wamekubaliana: siku ya kumaliza matanga ya Mama, kabla ya chakula, Anatole ataitwa katikati ya watu na kuulizwa kwa nini alimvunjia heshima mama mkwe wake kwa ajili ya viti vya gari. Kisha atalipa mbuzi wa buko, mbuzi wa ukwe, kama anavyolipa mkwe yeyote aliyesahau mipaka yake. Unasema pia kwamba shauri hili umelileta wewe, kwa kuwa wewe ni binti wa kwanza, na kwamba mimi nisithubutu kumtetea bwana wangu.

Kumtetea, Yaya! Ungejua nilivyochoka na gari ile, ungeniandikia pole.

Ulipokuja kwenye kilio uliona siku chache tu. Mimi naishi nayo. Viti vyote vimefunikwa nailoni nene, ile wanayofunikia mizigo bandarini, na ameishona pembeni kwa uzi wa nyavu. Ukikaa wakati wa jua inakushika mapajani. Ukisimama inakuachia kwa sauti ya nguo inayopasuka, na mbele ya kanisa watu wote wanageuka kutazama ni nani aliyepatwa. Mama Clémentine wa kwaya, unayemjua kwa unene wake, siku moja Anatole alifunga breki karibu na stesheni, naye akateleza kutoka kitini hadi chini. Hakukuwa na mtu wa kumwinua, kwa maana sisi wote tulikuwa tunateleza. Alipofika kanisani alisema kwamba kuanzia siku hiyo atakuja misani kwa miguu, na akichelewa Mungu atamwelewa.

Kabla ya kupanda lazima uvue viatu, uvigonge kimoja kwa kingine mpaka mchanga wote utoke, uvishike mkononi. Padri mwenyewe, tulipompeleka kumpa mgonjwa sakramenti, alivuliwa viatu. Alikaa navyo mapajani njia nzima. Alicheka, akasema hata Musa aliambiwa avue viatu, lakini Musa angalau alionyeshwa moto. Mimi nilitaka kuzama chini ya kiti. Anatole alijibu tu kwamba mchanga wa ziwa ni mbaya, ukiingia katika kitambaa hautoki.

Halafu samaki. Mtu huyu anaishi kwa ndagala. Mifuko yake inajaza behewa kwenda Kamina, watoto wetu wanalipiwa minerval ya shule kwa ndagala, lakini ndani ya gari yake samaki haingii, hata akiwa amekaangwa na kufungwa katika majani. Nikitoka sokoni na samaki, mimi naingia ndani na samaki anakwenda nyumbani kwa miguu, kichwani mwa Denise. Wauzaji wamezoea kunitania. Wananiuliza kama bwana wangu ananiruhusu mimi nilale kitandani, au kitanda nacho ni kipya.

Ile tablo ya mbele, mahali pa saa na vishale, ameifunika na taulo ili jua lisiipasue. Taulo yenyewe ni ile nyeupe uliyonipa wewe siku ya harusi yangu. Kila Jumapili anaitoa, anapaka tablo gliserini kwa kitambaa laini, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta. Na Jumamosi ya salongo, watu wote wakifagia barabara, yeye anamaliza kipande chake upesi na kurudi kuchokoa mchanga kwenye pembe za gari kwa brashi ya rangi. Mkubwa wa mtaa alipita akamuuliza kama ndani ya gari ile nako ni barabara ya serikali. Watu walicheka mpaka wakaegemea mafagio yao. Anatole naye alicheka kidogo, akaendelea kuchokoa.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni kwamba hakuwa hivi. Gari ilipofika na meli kutoka Kigoma, mwaka jana, aliipokea kama mtu anavyopokea kitu cha kazi. Alibeba mihogo, alibeba watoto wa mtaa mzima na miwa yao mdomoni. Denise alimwaga chai, Anatole akapangusa kwa shati lake. Viti vilikuwa vya kitambaa, rangi ya kahawa yenye maziwa, vinapendeza, na kila mtu alivikalia.

Na Mama aliipenda gari ile. Hili hukuliona, Yaya, kwa hiyo nakuandikia ulihifadhi. Bila shaka hakukubali kukaa mbele pembeni ya mkwe wake. Alikaa nyuma ya mgongo wake, kikwembe kimefunika kichwa. Siku ya kwanza aliona kile kioo kidogo cha juu, akaona macho ya Anatole ndani yake, akajifunika uso wote na kuniambia kwa Kiluba kwamba wazungu wametengeneza kitu cha kuvunja ukwe. Anatole hakusubiri nimtafsirie. Alinyoosha mkono, akakigeuza kioo kitazame paa. Tangu hapo kila Mama alipopanda, kioo kilitazama paa, na Anatole aliendesha bila kujua kinachomfuata. Jandarme mmoja alitusimamisha, akamwita citoyen, akamwuliza anawezaje kuendesha namna hii. Anatole akamwambia kwa sauti ndogo kwamba aliyekaa nyuma ni mama mkwe. Jandarme aliinama akatazama, akapiga saluti, akatuambia tupite. Mama alicheka chini ya kikwembe mpaka nyumbani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Ndipo ugonjwa ukaja. Siku alipozidiwa, mimi nilikuwa shuleni nasimamia mtihani wa darasa la sita, siwezi kuacha chumba. Anatole alimpeleka hospitali pamoja na Mama Hortense, yule jirani yetu mzee aliyekuwa rafiki wa Mama katika jumuiya. Nilipofika mchana nilimkuta Mama kitandani, amevaa kikwembe cha Hortense, kile chenye bata wa buluu. Nilidhani alisikia baridi njiani. Nilikifua, nikakipiga pasi, nikamrudishia mwenyewe na kumshukuru. Hortense alikipokea bila neno, na mimi sikuona ajabu.

Mama alipotoka hospitali, gari ilikuwa tayari imevaa nailoni. Viti vyote, mbele na nyuma. Yaya, nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo katika ndoa yangu. Mama alikuwa amebaki mifupa, na sasa alikuwa aketishwe juu ya kitu kinachoteleza! Nilimwambia Anatole, pale pale uani mwa hospitali, kwamba mama yangu si mfuko wa ndagala. Alifungua mlango wa nyuma. Mama aliipapasa ile nailoni kwa kiganja, akakaa, akaniambia ninyamaze, kwamba amekaa vizuri. Njia nzima alitazama dirishani. Nilidhani ananyamaza kwa heshima ya ukwe tu, na moyo wangu ulizidi kuuma.

Yaliyofuata unayajua. Mama alitutoka mwezi wa nane. Shangazi zetu walifika na treni, majivu mwilini, miguu mitupu, na Anatole aliwapangusa miguu kwa kitambaa mmoja mmoja kabla ya kuwaketisha juu ya nailoni. Nawe ulisema mbele ya kilio chote kwamba Anatole analilia viti vyake. Nilisikia. Sikukukataza, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Uliondoka kurudi Ankoro bila kumuaga, na yeye alibaki amesimama stesheni na kile kitambaa mkononi.

Sasa, barua yako ilipofika nilimsomea. Nilitumaini ataruka, atapiga meza, atasema neno. Huyu ni mtu anayeweza kubishana na soko zima kwa kikapu kimoja cha ndagala. Unajua aliniuliza nini? Aliuliza wajomba wanapenda mbuzi dume au jike. Siku mbili baadaye alirudi na dume jeusi, akalifunga nyuma ya jiko, akaniambia wakiuliza nitoe, nisibishane. Basi mbuzi yuko hapa. Analia asubuhi na jioni, ametafuna gauni langu la kazi. Nikimwuliza Anatole kwa nini hasemi kitu, anasema mbuzi huyu ni mnono.

Nilikata shauri kumwokoa kwa nguvu. Wiki iliyopita alikwenda Niemba kumtazama kaka yake, akaacha gari uani chini ya kibanda chake cha nyasi. Nikasema moyoni: nitaondoa nailoni yote, nitasafisha viti, na wajomba wakifika watakuta vitupu, nami nitawaambia, tazameni, mkwe wenu ameacha ujinga. Nilichukua wembe, nikakata nyuzi. Viti vya mbele vilitoka vipya kama siku ya kwanza. Nikahamia nyuma. Upande wa kulia ulikuwa safi. Upande wa kushoto, nyuma ya dereva, nilikuta alama kubwa. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kusuguliwa mpaka rangi imekimbia na nyuzi zimesimama, na pembeni mwa alama palikuwa na mstari, kama ule unaobaki mchangani maji ya ziwa yakirudi. Kilikuwa bado na harufu ya ndimu.

Nilidhani ni mafuta ya gari. Nililaani peke yangu, nikaanza kukivuta kiti chote nikitoe nje, nikianike juani katikati ya uwanja, nikisugue vizuri. Wakati huo Mama Hortense akaingia na bakuli lake kuomba chumvi. Alipoona kiti, aliweka bakuli chini. Aliniambia nikirudishe upesi, nishone nailoni tena kabla mtu hajapita. Nilimjibu vibaya kidogo, Yaya, nilikuwa na jasho na uchovu. Nilimwambia kama Anatole amemwajiri kulinda viti, basi avue viatu. Hakucheka. Alikwenda akafunga lango, akarudi, akakaa juu ya kinu, akasema Mama alimwomba asituambie sisi mabinti, lakini afadhali avunje ahadi kuliko kuniona naanika aibu ya Mama juani kwa mikono yangu mwenyewe.

Sikiliza sasa alivyoniambia.

Siku ile ya kwenda hospitali, walipokaribia daraja la Lukuga, mwili wa Mama ulishindwa. Maji yake yalitoka, mengi, hapo kitini, nyuma ya mgongo wa mkwe wake. Wewe unamjua Mama. Mama ambaye hakupata kutafuna hata karanga mbele ya Anatole. Mama aliyeogopa kioo. Alimshika Hortense mkono kwa nguvu na kumwambia amfungulie mlango ashuke, afie hapo barabarani, kwamba hawezi tena kufika popote ndani ya gari hiyo.

Anatole alisikia. Kioo kilikuwa kinatazama paa, na yeye hakugeuza shingo. Alisimamisha gari, akaanza kujilaumu kwa sauti kubwa, kama mtu anayesema peke yake. Alisema yeye ni mjinga gani, ameweka bidoni ya maji ya radieta nyuma bila kuifunga, sasa imemwagika na kuwalowesha wamama. Aliomba msamaha, akaomba tena. Hortense anasema nyuma hapakuwa na bidoni yoyote, bidoni ilikuwa imefungwa kwenye koferi ya mizigo. Kisha alishuka, akateremka mpaka ukingoni mwa mto, akasimama huko, mgongo kwao, uso majini, mpaka alipoitwa. Hortense alikuwa amevaa vikwembe viwili, akavua cha juu, kile cha bata, akamvika Mama. Kile cha Mama, Hortense alikikunja na kukiweka chini ya kwapa lake.

Anatole alirudi, akashika usukani. Halafu Mama akamwambia Hortense, kwa sauti ya kusikika mbele, kwamba mkwe wake ana bidoni mbaya sana. Anatole akakubali kwamba ni mbaya. Mama akasema mtu mwenye gari mpya anunue na bidoni mpya. Anatole akasema ni kweli, Mama. Walifika hospitali Mama akiwa bado anamgombeza juu ya ile bidoni, na hakusema tena juu ya kufa.

Kiti alikifua mwenyewe, hakukileta nyumbani, alikifulia nyuma ya depo yake ya ndagala kwa sabuni na ndimu. Alama haikutoka. Akanunua nailoni. Hortense alimwuliza kwa nini asifunike kiti kimoja tu. Akajibu kwamba kiti kimoja kikifunikwa, watu watauliza kina nini. Vyote vikifunikwa, watauliza yeye ana nini. Akaongeza sheria za viatu, na samaki, na taulo, ili watu wapate cha kusema. Wakasema. Mimi nikasema kuliko wote.

Mama alijua, Yaya. Alipoipapasa ile nailoni alijua imewekwa kwa ajili ya nani. Ndiyo maana aliniambia amekaa vizuri.

Nililia kidogo, Hortense akanipa bakuli lake nishike, sijui kwa nini, labda ili mikono yangu ipate kazi. Kisha tulichukua uzi wa nyavu na sindano, tukashona nailoni yote tena, kiti baada ya kiti. Nilijichoma vidole. Mshono wangu si mzuri kama wake. Anatole aliporudi kutoka Niemba alizunguka gari, akainama kwenye mlango wa nyuma, akaniuliza kama kuna mtu aliyeigusa. Nilimwambia ni mbuzi wake, alikata kamba akaanza kutafuna nailoni, ikabidi nishone, na kwamba nimechoka na mbuzi, nimechoka na nailoni, na siku moja nitavitupa vyote viwili ziwani. Nililalamika chakula chote. Alikula vizuri sana siku ile. Aliongeza ugali.

Kwa hiyo, Yaya, nakuomba jambo moja. Shauri umelileta wewe, na ni wewe tu unayeweza kuliondoa. Waambie wajomba kwamba umelala juu ya neno hili ukaliona dogo, kwamba Mama mwenyewe hakuwahi kulalamika. Hilo si uongo. Wakitaka sababu, usiwape. Mbuzi tutamla siku hiyo kama chakula cha wageni, na nitafurahi kuona mwisho wake. Barua hii usimwonyeshe hata Papa Casimir. Ukishaisoma, iweke motoni.

Na tafadhali usimshukuru Anatole. Najua moyo wako, utataka kumpigia magoti pale pale stesheni. Usifanye hivyo. Akijua kwamba tunajua, atakuwa ameshindwa kumfunika Mama, baada ya kazi yote hii. Mama amekufa, lakini kwake yeye bado ni mama mkwe. Atakuja kukupokea kwenye treni. Atakuambia uvue viatu. Vua, uvigonge vizuri. Kisha kaa nyuma ya mgongo wake, upande wa kushoto, na uanze kulalamika: kwamba nailoni inakuchoma, kwamba unateleza, kwamba hujapata kuona mwanaume wa namna hii. Lalamika kwa sauti, apate kusikia. Mimi nitakusaidia.

Msalimie Papa Casimir na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Denise anamkumbatia mama yake mkubwa, na Mama Hortense anakutakia njia njema. Siku hiyo amesema atavaa kikwembe cha bata. Jérôme amekubali kukutafutia nafasi katika treni pale Kabalo, umwulize yeye usimwulize mtu mwingine. Jihadhari na mguu wako unapopanda.

Njoo umevaa nguo ndefu. Nailoni inashika kweli.

Mimi mdogo wako,

Marthe